Mwembe Uliochanua Kupita Kiasi

Mti mkubwa ukikosewa leo, hauleti malalamiko kesho. Hukaa kimya. Huendelea kuchanua, kuzaa na kutoa kivuli, na siku unapoanza kuonyesha maradhi, aliyeukosea ameshasahau alichokifanya. Kwa sababu hiyo nasimulia kisa cha mwembe wa watu ninaowafahamu huko Muheza, mkoani Tanga. Wenyewe wameridhia kisimuliwe mradi nisitaje majina yao. Mwenye nyumba nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na mtaa mzima tangu enzi za kufundisha shule ya msingi hadi leo akiwa mstaafu.

Mwembe wenyewe ulikuwa dodo, na aliyeupanda ni baba yake Mwalimu, kabla Mwalimu hajazaliwa. Watu wazima wawili wakishikana mikono walilizunguka shina kwa taabu. Chini yake palikuwa na uwanja mtupu uliofagiliwa kila alfajiri. Hapo ndipo nafaka zilipopepetwa, wasichana waliposukana nywele, na turubai za misiba na za furaha zilipofungwa. Upande wa kusini, kuelekea jikoni, mizizi minene ilikuwa imejitokeza juu ya ardhi, na watoto waliigeuza viti.

Binti wa mwisho alipoposwa, familia ikaona haya kuwapokea wakwe kwenye vumbi. Kaka yake aliyeko Dar es Salaam akatuma fedha, akatafutwa fundi bustani, na kazi ikaanza wiki chache kabla ya sherehe. Sitaki msomaji afikiri hawa walikuwa watu wasiojali. Walikuwa wanaupamba mti wanaoupenda. Ningekuwa pale siku ile, naamini ningeshika koleo nami, na pengine wewe ungenipokea nikichoka.

Hebu tuitazame kazi yenyewe, maana kila hatua ilikuwa na sababu yake. Lori la mchanga na lori la udongo mwekundu yaliingia hadi chini ya mti, kwa kuwa huko ndiko mzigo ulikohitajika. Mizizi iliyojitokeza upande wa jikoni ilikatwa kwa shoka na kung'olewa kwa mtaimbo, ili vitofali vya saruji vilale sawasawa na wageni wasijikwae. Uwanja uliobaki ukalimwa kwa jembe, ukaongezwa udongo, ukapandwa nyasi. Kulizunguka shina, fundi akajenga duara la matofali ya kuchoma lenye kimo cha goti, akalijaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi, akapanda maua. Shina likapakwa chokaa nyeupe. Kila jioni kijana wa nyumbani alivuta mpira wa maji, akaanzia ndani ya duara na kumalizia kwenye nyasi.

Sherehe ilifana. Picha nimeziona, na bustani ilipendeza kweli. Ila katika picha hizohizo mke wa Mwalimu aliona jambo ambalo sisi wengine tusingeliona. Alimwuliza mumewe, "Mzee, mbona mti wetu hauna miguu tena?" Mwalimu akacheka. Lakini mama yule alikuwa amesema kweli tupu. Shina la mti mzima hutanuka linapokaribia ardhi, pale linapoanza kugawanyika kuwa mizizi. Ukiona shina limeingia udongoni wima, bila kutanuka, ujue limefukiwa. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, nayo ilionekana siku ya kwanza.

Wengi wetu tunaamini kwamba mizizi ya mti imeshuka chini kwa kimo kilekile ambacho matawi yamepanda juu. Michoro ya vitabuni imetuzoesha hivyo. Mwembe una mzizi mkuu unaozama sana, ni kweli. Lakini vijizizi vyembamba vinavyofyonza maji na chakula vingi vimelala katika sentimita 30 za juu za udongo, na sehemu kubwa kabisa ya mizizi ya mti haipiti kina cha mita moja. Badala ya kushuka, inakwenda kwa upana. Huvuka mwisho wa kivuli na inaweza kufika mara mbili, hata tatu, ya upana wa matawi. Chanzo chake ni hewa. Mizizi ni viumbe hai, inahitaji oksijeni, na oksijeni hupungua kadiri unavyokwenda chini. Kwa hiyo mti huiweka mizizi yake ya kujilishia pale ambapo hewa, maji ya mvua na majani yanayooza hukutana.

Sasa rudi kwenye ile kazi ya fundi. Jembe lililozama sentimita 20 lilipita palepale mti unapopata riziki. Udongo mpya uliomwagwa juu ya ule wa zamani uliziba hewa. Udongo wa mfinyanzi una vitundu vidogo mno, na tabaka lake la sentimita 15 tu linatosha kuitesa mizizi ya mti uliozoea kupumua bila mzigo huo. Malori yalishindilia ardhi, nayo ardhi hushindiliwa zaidi na gurudumu la kwanza na la pili kuliko yote yanayofuata, kwa hiyo kusema "yaliingia mara moja tu" si faraja. Na ule mzizi mnene uliokatwa karibu na shina haukuwa mzizi mmoja. Mbele yake ulikuwa umejigawa mara nyingi, ukafika mbali, na vijizizi vyote vilivyotegemea kipande kile vilikufa pamoja nacho.

Duara la maua ndilo lililonisikitisha kuliko vyote, kwa sababu nimeliona kwenye nyumba nyingi, kwenye mahoteli, kwenye viwanja vya ofisi za serikali na nje ya nyumba za ibada. Gome la mizizi limeumbwa kuishi udongoni. Gome la shina limeumbwa kuishi kwenye hewa na kukauka baada ya mvua. Ukilizika gome la shina ndani ya udongo unaomwagiliwa kila jioni, hulainika, hupasuka, na vimelea vya kuozesha hupata mlango. Chini ya gome ndipo inapopita njia ya chakula kinachotoka majanini kwenda mizizini. Gome likioza kulizunguka shina, mizizi hufa njaa hata kama hakuna aliyeigusa.

Kwa nini basi mwembe haukufa mwaka uleule? Mti mkubwa huhifadhi wanga ndani ya shina na mizizi, na mwenye ghala hula akiba muda mrefu kabla majirani hawajaisikia njaa yake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mti mkubwa, mawingu huonekana mvua ikiwa imeshanyesha.

Na mawingu ya mwembe ule yalikuja yamevaa nguo za harusi. Mwaka uliofuata, msimu wa kipupwe ulipofika, mti ulichanua kupita ilivyowahi kuonekana. Kila kitawi kilikuwa na shada la maua, na nyuki walisikika toka barabarani. Majirani walisema mti umependa mbolea. Mwalimu alimpigia simu fundi kumshukuru. Hapa ndipo mimi nami ningedanganyika, maana nani anaona maua mengi akafikiria ugonjwa? Lakini mwembe huchanua unapobanwa. Kiangazi huuchochea, baridi huuchochea, na jeraha pia linaweza kuuchochea. Wako wakulima wa matunda wanaokata ukanda mwembamba wa gome kwenye tawi kwa makusudi ili chakula kisishuke na tawi lilazimike kutoa maua. Gome lilipoanza kuoza ndani ya duara, mwembe wa Mwalimu ulikuwa ukifanyiwa jambo hilohilo shina zima. Maembe yaliyofuata yalikuwa mengi kwa hesabu na madogo kwa umbo, na mengi yalidondoka kabla ya kukomaa. Dodo linajulikana kwa ukubwa wake. Dodo dogo lilipaswa kuzua swali.

Dalili iliyofuata ilijificha vizuri zaidi. Nyasi zilizopandwa karibu na shina zilikuwa zimenyauka miezi ya mwanzo, kwa kuwa nyasi zinataka jua na pale palikuwa na kivuli kizito. Mwaka wa pili zikaanza kustawi. Familia ikafurahi kwamba hatimaye zimezoea. Hazikuwa zimezoea kitu. Kivuli ndicho kilichokuwa kinatoboka. Mwembe hutoa majani mapya kwa awamu, yakiwa na wekundu wa shaba kabla ya kugeuka kijani, na awamu za mwaka ule zilikuwa fupi, majani yakawa madogo na yenye kijani kilichopauka. Aliyekuwa akitazama chini aliona bustani inayopendeza. Aliyetazama juu angeiona mbingu mahali ambapo hapo kabla haikuonekana.

Mtu aliyetazama juu alikuwepo. Ni mchuuzi aliyekuwa akinunua maembe ya Mwalimu yakiwa bado mtini. Kila msimu alikuja, akakadiria kwa macho, wakapatana bei, kisha vijana wake wakapanda kuchuma. Msimu wa tatu kijana mmoja alipanda kukagua, akateremka mapema akiwa ameshika vitawi vikavu. Mchuuzi akaenda barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwaka huu tunasemaje?"

"Mwaka huu naomba unisamehe, Mwalimu. Vijana wangu siwapandishi juu ya mti huu. Vitawi vya kileleni vinakatika mkononi."

"Ni kiangazi tu hicho. Mvua ikinyesha utachipua."

"Inawezekana, mzee wangu. Lakini miembe ya jirani nayo imepigwa na kiangazi hichohicho."

Huyu hakuwa mtaalamu wa kilimo, ila alitoa kipimo ambacho yeyote kati yetu anaweza kukitumia bila gharama. Ukitaka kujua kama mti wako unaumwa, ulinganishe na mti wa aina ileile ulio jirani, kwenye mvua ileile na jua lilelile. Kama mwenzake ameziba anga kwa majani na wako umepukutika kileleni, usilaumu hali ya hewa. Mizizi inapopungukiwa, maji hushindwa kufika mbali, na vilele ndivyo vilivyo mbali kuliko vyote. Kifo cha namna hii huanzia juu na kuteremka, ingawa chanzo chake kiko chini.

Mwalimu aliona mchuuzi anatafuta njia ya kushusha bei. Namwelewa. Wachuuzi nao wametuzoesha hivyo.

Baadaye mchwa wakaanza kujenga njia zao za udongo kupanda shinani. Hapo familia ikaamini imempata mwizi. Ikamwagwa oili chafu ya gari kulizunguka shina, kwa ushauri wa mpita njia, na mwingine akashauri urea ili mti upate nguvu. Mchwa wengi hula mti uliokwisha kufa, au sehemu iliyokwisha kufa ya mti ulio hai. Ukiwaona juu ya gome la mti mkubwa, kabla ya kuwaua kwa dawa jiulize wamekuja kula nini. Oili ilisumbua vijizizi vichache vilivyobaki. Urea nayo ilikuwa ikiulazimisha mti utoe majani mapya wakati hauna mizizi ya kuyanywesha. Na ile chokaa nyeupe, iliyokuwa ikirudiwa kila sikukuu, ilifunika utomvu mweusi uliokuwa ukivuja kwenye nyufa za gome juu kidogo ya duara. Chokaa yenyewe haina ubaya mkubwa, lakini imeficha mengi katika nchi hii.

Masika iliyotangulia ile ya kuanguka kwa mwembe, uyoga ulijitokeza chini ya shina: uyoga mgumu wa kahawia wenye ukingo mweupe, ulioshikilia gome na ulioota upya kila watoto walipoupiga teke. Watu waliuona ni wa mvua. Uyoga mgumu wa aina ile ukiota kwenye shina au juu ya mizizi ya mti mkubwa, maana yake kuvu limeshakula ndani muda mrefu na sasa linazaa. Hiyo ilikuwa dalili ya mwisho, na haikuwa tena dalili ya bustani. Ilihusu usalama wa watu.

Mwembe ulianguka usiku, masika iliyofuata, ardhi ikiwa imelowa na upepo wa kusi ukivuma. Jikoni kulikuwa kusini. Kusi ilipousukuma mti, mizizi ya upande wa jikoni ndiyo iliyopaswa kuuvuta nyuma, na hiyo ndiyo iliyokatwa kwa shoka ili vitofali vilale sawa. Ukalala upande wa pili, ukavunja ukuta wa uwani na tangi la maji, ukamaliza choo cha nje. Hakuna aliyeumia. Wiki mbili kabla yake ilisomwa hitma palepale, na watu zaidi ya mia walikuwa wamekaa chini yake mchana kutwa.

Asubuhi bwana shamba alikuja akaonyesha yaliyokuwa yamefichwa. Kwa mti wa ukubwa ule, donge la mizizi lililong'oka lilikuwa dogo la kushangaza. Vipande vya mizizi iliyokatwa vilikuwa vyeusi na vilivunjika kwa vidole. Gome lililokuwa ndani ya duara lilibanduka kwa mkono. Na ndani ya ule udongo mzuri wa maua kulikuwa na mizizi mipya, iliyootea juu kutafuta hewa, ikajizungusha kwenye shina na kuanza kulikaba. Mti ulikuwa umejitahidi kujiokoa kwa nyenzo ulizopewa.

Tusidhani haya ni ya uani kwa watu wa kawaida tu. Mwaka 1926 mtaalamu wa magonjwa ya miti nchini Marekani, E. P. Meinecke, aliandika taarifa kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Sequoia huko California, yenye miti ambayo ni miongoni mwa mikubwa kuliko yote duniani. Alionya kwamba nyayo na magari ya wageni waliokuja kuistaajabia vilikuwa vinashindilia ardhi juu ya mizizi yake. Onyo lilisikika, lakini majengo ya kuwahudumia wageni yaliendelea kusimama katikati ya miti hiyo kwa miongo mingi. Ilipofika miaka ya mwisho ya karne ya 20 ndipo majengo zaidi ya 200 yalipoondolewa. Ikiwa wenye wataalamu na bajeti walichelewa hivyo, Mwalimu wetu asibebeshwe lawama peke yake.

Basi chini ya mti mkubwa kusipandwe kitu? Hapana. Nenda Kilimanjaro ukatazame kihamba cha Wachaga. Juu kuna miringaringa na miruka, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage, na mfumo huo umelisha watu kwa vizazi. Shimbwe Juu, mojawapo ya maeneo hayo, imetambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini zingatia namna wanavyofanya. Mimea ile imekua pamoja, kidogo kidogo, mizizi ikigawana nafasi. Hakuna lori lililoingia wiki moja likabadilisha ardhi yote. Na majani ya migomba hurudi chini kuifunika ardhi, hayachomwi.

Kwa mti ulioukuta umeshakua, anza kwa kujua mpaka wake. Chukua kamba, zungusha shina kwa kimo cha kifua, kisha pima mara nne ya urefu huo kutoka shinani kwenda nje. Shina lenye mzunguko wa mita 2 linadai mita 8 kila upande. Hiki ni kipimo cha kukadiria, nacho kinakaribiana na kile wanachotumia wataalamu wa miti: mara 12 ya kipenyo cha shina. Kwa mwembe wa Mwalimu ingekuwa mita 12 au zaidi, yaani uwanja wote na sehemu ya barabara. Najua nyumba nyingi za mjini hazina nafasi hiyo. Huna lazima ya kuliacha eneo lote tupu. Unalazimika tu kuwa mpole ndani yake, na upole uongezeke kadiri unavyolikaribia shina.

Upole huo una sura yake. Usilime. Usiongeze udongo. Panda miche midogo, ile ya kwenye vifuko, kwa sababu mche mdogo unahitaji shimo dogo. Chimba kwa ncha ya panga au kijiti, na ukikutana na mzizi unene wa kidole gumba, fukia, sogea pembeni. Panda mvua zinapoanza ili usilazimike kumwagilia kila siku. Tangawizi, manjano na magimbi huvumilia kivuli, na wengi watakushauri uvipande, lakini kumbuka kwamba vyote huvunwa kwa kuchimba. Mimi ningeviweka kwenye viroba na ndoo mbovu zilizotobolewa, zikae juu ya mawe, kisha ningevisogeza kila baada ya muda. Mchicha na nyanya usihangaike navyo pale. Vinataka jua, na utaishia kuyakata matawi ya mti kwa ajili ya mboga za muda mfupi.

Suala la majani makavu ni gumu kidogo, maana ufagio wa alfajiri ni sehemu ya heshima ya nyumba zetu, na hofu ya nyoka si ya kupuuza. Lakini kila tunapofagia na kuchoma, tunauondolea mti chakula chake na blanketi lake, na moto ukiwashwa karibu na shina huunguza mizizi ya juu. Suluhu niliyoipenda nimeiona kwenye nyumba moja Tanga mjini. Karibu na mlango wamefagia, na kuanzia hatua chache kutoka shinani wamepanga mawe bila saruji, ndani yake wameacha majani kwa kina cha sentimita 5 hadi 10. Shina lenyewe limeachwa wazi, umbali wa shubiri au zaidi. Maembe yaliyooza wanayaokota na kuyazika mbali, kwa kuwa inzi wa matunda huzaliana humo. Majani yanabaki.

Kama unataka mahali pa kukaa, weka mabenchi. Kama huwezi kuishi bila sakafu, mwaga kokoto juu ya ardhi ilivyo, tabaka jembamba, bila kuchimba na bila saruji. Mizizi iliyojitokeza iachwe, na wageni waonywe. Ukimwagilia mti wakati wa kiangazi kikali, maji yamwagwe mbali na shina, yawe mengi kwa mara chache, yazame.

Mazungumzo na fundi yafanyike kabla ya malipo. Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaolipwa kwa kazi inayoonekana, na udongo mpya na duara la matofali huonekana. Mwulize udongo utamwagwa wapi, lori litasimama wapi, na atafanya nini akikuta mzizi. Mwekee kamba ya mpaka, umwambie wazi kwamba ndani ya kamba hiyo jembe haliingii. Kama bustani ina tarehe ya sherehe, uangalifu uwe mara mbili, kwa sababu haraka ndiyo iliyowafanya wale wa Muheza wamalize kwa wiki chache kazi ambayo ingegawanywa kwa misimu miwili mitatu.

Kwa yule ambaye anasoma huku duara la matofali liko nje ya dirisha lake, bado kuna la kufanya. Vunja duara mwanzoni mwa mvua, si katikati ya kiangazi. Ondoa udongo kwa mikono na kijiti, ukianzia shinani, hadi uione ile sehemu shina linapotanuka. Vijizizi vyembamba vilivyolizunguka shina vinaweza kukatwa. Vikiwa vinene, mwite bwana shamba au mtu wa misitu kabla ya kuvigusa. Ng'oa nyasi zilizo karibu, weka majani makavu mahali pake, acha urea dukani. Usihukumu matokeo kwa msimu mmoja, maana nafuu huchukua muda mrefu. Lakini ukikuta gome linabanduka sehemu kubwa ya mzunguko, au uyoga mgumu umeota shinani, au ardhi imepasuka upande mmoja na mti umeanza kuinama, usichezee tena mambo ya bustani. Hamisha watoto, usifunge turubai pale, usiegeshe gari, na mtafute mtu mwenye ujuzi aje auangalie wiki hiyohiyo.